Taa ya Njano ya Bi Tatu

Jamani, leo nimeaibika. Si ile aibu ya kujikwaa barabarani, ukajipangusa vumbi ukaendelea na safari. Nimesomewa maandishi yangu mwenyewe, kwa sauti, mbele ya watu, na msomaji alivaa miwani kabisa ili asikosee neno.

Naandika kutoka intaneti kafe ya hapa Mnazi Mmoja. Mikono bado inanuka mafuta ya cherehani. Nimeona niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia mtaani, maana Kariakoo mnaijua. Ikifika jioni itasemekana nimeunguza nyumba.

Mnajua kwamba tangu nimalize chuo nimekuwa fundi kompyuta. (Kwenye kadi yangu nimeandika "Injinia Musa". Kadi nilijichapia.) Basi nina mteja mmoja anaitwa Bi Tatu, mjane, ana chumba cha kudarizi kola za kanzu mtaa wa Mchikichi. Mashine yake ya kudarizi aliinunua marehemu mumewe, Mzee Omari, mara tu mambo yalipokuwa ruksa na makontena yakaanza kumiminika bandarini. Mashine inaendeshwa na kompyuta. Michoro yote ya kola aliichora Mzee Omari mwenyewe, na yote imo ndani ya programu moja ya kizamani. Haipo kwingine. Mzee ameondoka, michoro imebaki, na mkate wa Bi Tatu umo mle.

Sasa ile kompyuta imezeeka. Feni inakohoa. Kuna asubuhi inawaka na kuna asubuhi inagoma, na Bi Tatu ameshachoka kuisomea Fatiha. Kompyuta mpya (mpya kwetu, Ulaya walishaichoka) haielewani na programu ya Mzee Omari. Ukiiweka, inaitema.

Mimi nikaja na suluhisho. Nitaunda kompyuta ya kizamani ndani ya kompyuta mpya! Haina chuma wala waya, ni maandishi matupu yanayojifanya kompyuta. Wenyewe wanaita mashine pepe. Programu ya marehemu ikiamka mle ndani inadhani bado iko kwenye nyumba yake ileile. Programu ya kuundia mashine pepe inagawiwa bure mtandaoni, na mtu ana ruhusa ya kuongeza vyake. Nikaongeza kadi.

Kadi gani? Subirini, hapa ndipo penye msiba.

Mashine ya kudarizi haimezi mchoro wote kwa mara moja. Inashona kipande, ikimaliza inaomba kingine. Kuomba kwenyewe ni kupiga hodi. Ndani ya kompyuta ya zamani mlikuwa na kadi iliyounganishwa na waya wa mashine, na kazi yake ilikuwa kuinua mkono: hodi! Kompyuta inaacha ilichokuwa inafanya, inakwenda mlangoni, inauliza nani na anataka nini, inatoa kipande, kadi inashusha mkono. (Vitabuni hodi hii inaitwa katizo. Mimi baada ya leo naiita hodi mpaka nazikwa.) Kompyuta mpya haina pa kuchomeka kadi ile, kwa hiyo nikaandika kadi ya kuigiza. Wiki tatu nzima. Nilijiona nimefika.

Leo saa tatu asubuhi nikatia timu na kompyuta mgongoni mwa mkokoteni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umelala salama? Umekunywa chai?"

Sikuwa nimekunywa. Akanipa chapati mbili na maharage, akanitazama mpaka nikamaliza. Nawaambieni, mama huyu hata kama unakuja kumvurugia nyumba anakulisha kwanza.

Nikafunga mitambo. Nikawasha. Ndani ya kioo kipya kikatokea kioo cha zamani, kile cha herufi za kijani, na jina la Mzee Omari juu kama alivyoliandika mwenyewe. Bi Tatu akaweka mkono mdomoni. Halafu akasema, "Amerudi." Jamani, hapo nilijisikia mkubwa. Laiti ningefunga begi langu saa ile nikaondoka!

Nilibaki, kwa sababu nilikuwa nimemwalika Bwana Kirit. Bwana Kirit ana duka la nyuzi na vitambaa mtaa wa pili, duka la tangu babu yake. Ndiye anayemwuzia Bi Tatu nyuzi, wanafahamiana miaka mingi, wanaulizana hali za watoto kwa majina. Ndugu zake wana mashine nne za kudarizi za aina hiyohiyo, zote kompyuta zake ziko mahututi. Akiridhika leo, zote nne ni zangu. Akikataa, narudi kusafisha vumbi kwenye printa za watu.

Juu ya mashine kulikuwa na kanzu. Kanzu nyeupe, kola imeshadariziwa nusu. Ya bwana harusi. Nikaha leo, baada ya sala ya alasiri.

Bwana Kirit akaja, akasimama nyuma yangu mikono mgongoni. Mashine ikawa inashona. Tak-tak-tak. Taa ndogo ya njano ubavuni mwa mashine inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika. Ikiwaka, mashine inaomba. Ikizimika, imepewa. Kila kitu sawasawa.

"Nzuri," akasema Bwana Kirit. "Na ikikwama katikati? Kompyuta za ndugu zangu zinakwama kila siku."

Lilikuwa swali la kawaida la mtu anayetaka kununua kitu. Mimi nikalipokea kama changamoto ya heshima ya ukoo.

"Ikikwama unabonyeza riseti tu, mzee. Inalala, inaamka, inaendelea. Hata sasa hivi naweza kuizima!"

Bi Tatu akageuka haraka. "Musa mwanangu, usiizime kama taa inawaka."

"Taa gani, mama?"

"Hiyo ya njano. Marehemu aliandika." Akachomoa daftari kwenye droo, daftari la mistari lenye jalada lililochakaa, akanionyesha ukurasa wa kwanza. Mwandiko mzuri wa wino wa bluu: *Taa ya njano ikiwaka, usizime.* Chini yake mstari. Neno la kwanza kabisa la daftari zima, jamani. Mtu hawezi kuandikiwa wazi zaidi ya hapo.

Nikacheka. (Naandika hili nikiwa nimejishika kichwa.) Nikamwambia, "Mama, hayo yalikuwa ya mashine za zamani. Hii ni teknolojia."

"Basi toa kanzu ya watu, nikuwekee kitambaa kibovu ujaribie."

"Haina haja, mama."

Haina haja! Maneno mawili haya wakiyaandika juu ya kaburi langu sitalalamika.

Nikanyoosha kidole. Taa ya njano ilikuwa inawaka, naikumbuka vizuri. Nikabonyeza riseti ya mashine pepe.

Sindano ikasimama ikiwa imezama ndani ya kola ya bwana harusi. Kioo cha kijani kikatoweka, kikarudi, kikaandika mstari mmoja. Kikaganda.

"Inajipanga," nikasema.

Tukasubiri ijipange. Haikujipanga. Nikabonyeza tena. Mstari mmoja. Ikaganda. Nikabonyeza mara ya tatu huku natabasamu kwa Bwana Kirit, tabasamu la mtu aliyekaa juu ya msumari. Ikaganda palepale.

Kuanzia hapo naomba mnihukumu kwa huruma. Nilisema ni umeme. Bi Tatu akanionyesha feni ya juu inazunguka bila wasiwasi. Nilisema ni waya, nikalala chali chini ya meza, shati jeupe, nikatoka na pamba za darizi kichwani. Nilisema ni vumbi la Kariakoo. Nilisema ni kirusi. Mwisho nilisema (nawaapia nilisema kwa sauti ya daktari) kwamba ni simu ya Bwana Kirit, mawimbi yake yanaingiliana na mtambo. Mzee wa watu akazima simu. Nikamwambia haitoshi. Akatoka nje, mtu mzima na heshima zake, akasimama juani kando ya mwuza soksi, kwa sababu ya uongo wangu. Kupitia dirishani nilimsikia mwuza soksi akimwuliza, "Vipi mzee, umefukuzwa?"

Bi Tatu hakunigombeza. Ndicho kilichonimaliza. Alivuta kigoda akakaa kando ya mashine yake, mkono mmoja ameuweka juu ya ile kanzu kwa upole, akawa anatazama. Hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anaitazama mashine. Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea saa sita, adhuhuri iko karibu, na alasiri haisubiri fundi.

Ndipo ikasikika sauti mlangoni. "Hodi!"

Alikuwa Asia, dada wa bwana harusi, amekuja kuchukua kanzu.

Bi Tatu akafungua mdomo aitikie. Nikampungia mkono anyamaze, nikanong'ona, "Mama, tafadhali, nasikiliza diski." (Diski haikuwa na lolote la kuniambia. Nilikuwa naogopa Asia asiingie akaona sindano ilipo.)

"Hodi wenyewe!"

Kimya.

"Hodiii! Bi Tatu, upo? Naiona kandambili yako hapa!"

Kimya. Asia hakuondoka. Ataondokaje, na kaka yake anaoa leo?

"Hodi jamani!"

Bi Tatu akashindwa kuvumilia, na ana haki, mtu wa pwani kuacha hodi isijibiwe ni sawa na kumtukana mgeni. "Karibu, Asia mwanangu, karibu, pita." Halafu akanigeukia. "Mtu mwenye shida yake usipomwitikia haondoki, Musa. Atagonga mpaka..."

Macho yake yakaenda kwenye taa ya njano. Bado ilikuwa inawaka. Ilikuwa inawaka tangu nilipobonyeza riseti, na mimi Injinia sikuitazama hata mara moja.

"Na huyu je?" akasema polepole. "Huyu naye si bado anapiga hodi? Aliomba, ukazima kabla hujampa. Sasa hiyo kompyuta yako imeamka haina habari na mgeni, na mgeni hajaondoka. Wataelewanaje?"

Miaka mitatu ya chuo, jamani, na mama ambaye hajawahi kugusa kibodi ila kwa vidole viwili anakwenda moja kwa moja mahali penyewe!

Sijapata hata kujibu, akainuka. Akabonyeza kitufe chekundu cha mashine ya kudarizi, kile cha kuisimamisha kistaarabu. Taa ya njano ikazimika. Kisha akashika plagi ya kompyuta yangu ukutani.

"Mama, usi—"

Akaing'oa yote. Kompyuta ya nje, kompyuta ya ndani, kadi, Injinia, sote giza.

"Sasa washa," akasema.

Nikawasha. Kompyuta mpya ikaamka, mashine pepe ndani yake ikaamka, herufi za kijani zikateremka mstari wa pili, wa tatu, mpaka jina la Mzee Omari likasimama juu. Programu ikauliza ianzie kipande cha ngapi.

Hapo nikashtuka upya. Kipande cha ngapi? Nani anajua? Kola ile ina vipande zaidi ya mia mbili, na ukikosea kimoja sindano inashona juu ya palipokwisha kushonwa, kanzu inakuwa dekio. Nikamtazama Bi Tatu. Alikuwa amefumba macho. Alipitisha kidole juu ya darizi taratibu, kuanzia begani, akipapasa jani kwa jani, midomo ikicheza.

"Mia na kumi na saba," akasema. "Sindano iko kwenye jani la tatu, chini kidogo."

"Una hakika, mama?"

Asia, ambaye alikuwa ameshaingia, akanikata jicho. Nikaandika 117.

Tak-tak-tak. Uzi ukaingia palepale ulipokatikia. Kabla haijaondoka niliitazama kola ile kwa jua na kwa taa, sikuona palipoungwa. Niliwahi kuambiwa kwamba Mzee Omari alikuwa anachora na mkewe anashona vipande kwa kuvihesabu, miaka hiyo. Nilidhani ni hadithi za wajane. Mama huyu ana mchoro mzima kwenye ncha ya kidole, na mimi asubuhi nilimwambia "hii ni teknolojia".

Ningeishia hapo ningekuwa nimeaibika kiasi. Lakini Bwana Kirit aliporudi kutoka juani, shingo imeiva, aliuliza kitu kimoja tu. "Kwa hiyo haikuwa simu?"

"Haikuwa, mzee. Samahani sana."

"Ni nini sasa?"

Nikataka kumwonyesha mimi si mbabaishaji. Nikafungua maandishi ya kadi yangu ya kuigiza hapohapo kwenye kioo, nikatafuta sehemu inayofanya kazi ya riseti. Nikaanza kueleza huku nimevimba kidogo. "Unaona, mzee, riseti ikija, kadi inatakiwa kufuta kumbukumbu zake zote. Hapa nafuta aliyeomba ni nani. Hapa nafuta alichoomba. Halafu hapa..."

Nikaacha kueleza.

Bwana Kirit akasogea. Akatoa miwani mfukoni. Akaifuta kwa shati. Akaivaa. Na akasoma, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusoma ankara dukani, mstari ambao mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nilijiandikia wiki tatu zilizopita:

"'Hapa shusha mkono wa hodi. Nitafanya kesho.'"

Mashine tu, tak-tak-tak.

"Kesho," akasema Bwana Kirit. "Kesho hii ni ipi, fundi?"

Asia alikuwa wa kwanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mwuza soksi, ambaye wakati huo alikuwa ameshaingiza kichwa dirishani kama mwanahisa, akacheka bila hata kujua kimeandikwa nini. Nilikuwa nimefuta kumbukumbu ya nani alipiga hodi na hodi yenyewe nimeiacha juu. Kompyuta inaamka, inasikia hodi, inakimbilia mlangoni, inaiuliza kadi, "Wewe ndiye?" Kadi inasema, "Mimi? Hapana." Inageuka, inasikia hodi. Inakimbilia tena. Hivyohivyo mpaka kiyama. Kwangu nyumbani sikuliona tatizo kwa sababu sina mashine ya kudarizi. Kila nilipojaribu riseti hakukuwa na mgeni mlangoni.

Bi Tatu peke yake hakucheka. Aliniwekea kikombe cha chai ya tangawizi mbele yangu. "Kosa unalijua?" akaniuliza.

"Nalijua, mama."

"Mistari mingapi?"

"Mmoja."

"Andika basi, leo hiihii."

Nikaandika mstari mmoja. Kadi ikipata riseti, ishushe mkono. Kanzu ilipokwisha (saa nane kasoro, Asia akaondoka nayo mbio, ameikumbatia kifuani), Bi Tatu akaweka kitambaa kibovu, kile alichonipa asubuhi nikakikataa. Akanisimamia. Akasubiri mpaka taa ya njano ilipowaka, akasema, "Sasa." Nikabonyeza riseti huku nimefumba jicho moja. Ikalala. Ikaamka. Jina la Mzee Omari likarudi. Akaniagiza nirudie. Tukarudia mpaka kitambaa kikajaa majani. Yeye ndiye alinipa saa ya kubonyeza kila mara, na kila mara taa ilikuwa inawaka. Jamani, nimewahi kusimamiwa na walimu wenye shahada, lakini hakuna aliyewahi kunijaribia kazi kwa makini namna ile.

Bwana Kirit akavua miwani. "Mashine nne nitaleta," akasema. Moyo ukaruka. "Lakini sitaleta kwako. Nitaleta kwa Bi Tatu. Wewe utatengeneza, yeye ndiye atasema imepona."

Nikakubali kabla hajamaliza sentensi. Ningekubali hata kama angesema nikatembeze soksi mtaani.

Nilipokuwa nafunga begi, Bi Tatu akalifungua lile daftari la marehemu ukurasa wa kwanza, akanipa kalamu. Chini ya ule mstari wa wino wa bluu akaniamuru niandike, na yeye akinitajia neno kwa neno: *Musa alizima. Ameona.* Nikatia saini. Sikuandika Injinia.

Basi ndiyo hayo. Najua mmeshaanza kucheka, na ninawaomba kama ndugu zangu, leo niacheni. Chekeni kesho, ile kesho yangu mimi.